Anayekata Neno Bila Kulielewa

Tarehe 8 Januari 2022, katika mkutano wa kampeni mjini Eldoret, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, aliwahimiza wasikilizaji wake wayaondoe "madoadoa". Kesho yake alikuwa mikononi mwa polisi. Mtu wa Tabora au Unguja aliyeiona video ile kwenye simu yake huenda alijiuliza kosa ni lipi. Doa ni doa: liko kwenye shati jeupe, liko kwenye ngozi ya chui. Lakini mzaliwa wa Bonde la Ufa hakuhitaji kufafanuliwa. Tangu ghasia za miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, madoadoa ni watu. Ni majirani wa kabila jingine ambao wenye nchi, kama wanavyojiita, wanataka wahame. Katika wiki zilizofuata uchaguzi ule, zaidi ya watu 1,100 waliuawa Kenya na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao.

Naanza na neno hili moja kwa sababu mjadala wetu kuhusu uhuru wa kusema mitandaoni umezoea kuanzia mbali mno. Tunaambiwa ni suala la mizani: huku uhuru, kule usalama, ukiongeza huku umepunguza kule. Kila nikiishika hoja hiyo inaniponyoka, kwa kuwa inamsahau mwenye kuishika mizani. Ni nani anayelisoma neno kabla ya kulifuta au kuliacha? Anaijua maana yake? Akikosea, anamjibu nani? Katika ukanda wetu maswali haya yana majibu ya kusikitisha, kwa makampuni na kwa serikali vilevile.

Kwanza makampuni. Kila andiko, picha na video unayoweka Facebook, TikTok au YouTube hupita mbele ya mashine kabla ya binadamu yeyote kuiona. Mashine hiyo imefundishwa kwa mamilioni ya mifano, na sehemu kubwa ya mifano hiyo ni ya Kiingereza. Inachokitilia shaka, au kinachoripotiwa na watumiaji, kinapelekwa kwa mchujaji, mtu aliyekaa mbele ya skrini na kitabu cha kanuni kilichoandikwa California au kwingineko mbali. Majukwaa mengi makubwa ni ya Wamarekani, na sheria ya kwao ya mwaka 1996 inayakinga yasishtakiwe kwa yale yanayoandikwa na watumiaji. Kwa hiyo kanuni za nini kibaki na nini kifutwe ni hiari ya kampuni. Inazitunga, inazitafsiri, inazitekeleza, na mara nyingi ndiyo inayosikiliza rufaa.

Julai 2022, wiki chache kabla ya Wakenya kupiga kura, mashirika mawili, Global Witness na Foxglove, yaliijaribu Facebook. Yaliandika matangazo yenye matamshi ya chuki, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza, yakaomba yachapishwe. Ya Kiswahili yalikubaliwa yote. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kasoro za sarufi na matusi, na yaliposahihishwa yakakubaliwa nayo. Waandaaji waliyaondoa kabla hayajamfikia msomaji yeyote. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ikaipa kampuni siku saba ijirekebishe, mawaziri wakatoka kusema hakuna jukwaa litakalofungwa, na mambo yakapoa. Mwezi huohuo wa Julai dunia ilikuwa imeadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani, siku ya lugha ambayo Umoja wa Mataifa unasema ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200.

Kwa nini Kiswahili kilipita bila kuguswa? Fedha ni sehemu ya jibu. Nyaraka alizozitoa Frances Haugen mwaka 2021, baada ya kuacha kazi Facebook, zilionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya bajeti ya kupambana na habari za uongo ilikuwa ikienda Marekani, ingawa watumiaji wa Marekani ni wachache wakilinganishwa na wa dunia nzima. Sehemu nyingine ya jibu ni lugha yenyewe. Chuki yetu haiji na tusi mkononi. Inakuja kwa fumbo. "Yaondoeni madoadoa" ni sentensi safi, haina neno hata moja ambalo mwalimu wa darasa la kwanza angelikataza.

Sasa vukeni mpaka wa Horohoro mwende Tanga, na mbele zaidi Dar es Salaam. Kule utani wa makabila ni jambo la kale na la heshima. Msukuma na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kufika msibani akalizuia jeneza mpaka apewe chochote, akamsema marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Anaweza kumwita mwenzake "mtumwa wangu" mbele ya wakwe, na mwenzake akajibu kwa kali zaidi. Utani huu umesaidia kuwafanya Watanzania wa makabila zaidi ya mia moja na ishirini wakae pamoja bila kuogopana. Uweke mtandaoni, na mashine itaona jina la kabila, itaona neno "mtumwa", itafuta. Ndiyo maana nasema mchujaji asiyejua lugha hukosea mara mbili kwa siku moja: anafuta mapenzi, anaacha vita.

Hata anayeijua lugha hana kazi rahisi. Aprili 2022 NCIC yenyewe ilitoa orodha ya maneno ya hatari kuelekea uchaguzi, ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya Sheng' na ya lugha za makabila. Madoadoa yalikuwemo. Mende walikuwemo, na kila aliyesikia habari za Rwanda anajua sababu: redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende mwaka 1994, na mahakama ya Arusha mwaka 2003 ikawatia hatiani waliohusika na vyombo vile vya habari kwa kosa la mauaji ya kimbari. Lakini orodha hiyohiyo ilikuwa na "watajua hawajui", msemo wa kila kijiwe, na "hatupangwingwi", neno la vijana lililotoka kwenye muziki likawa kaulimbiu ya kambi ya William Ruto. Kuhusu hilo la mwisho, Mahakama Kuu iliingilia haraka ikalisimamisha katazo. Naiheshimu nia ya tume, na bado naamini orodha ya maneno ni chombo butu. Neno likipigwa marufuku leo, kesho linazaliwa jingine, na aliyelitumia kwa mzaha ndiye anayenaswa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwenye orodha ile yalikuwemo maneno yanayotuhusu sisi: "wabara waende kwao". Aliyekuwa Likoni Agosti 1997 anajua maneno hayo yalikuja na nini. Vikaratasi, kisha mapanga, kisha nyumba zikichomwa. Basi sitamsikiliza anayesema maneno ni upepo tu na yaachwe yapite yote. Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na hapohapo kinasema uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Nadhani mstari huo umechorwa mahali pake. Shida yangu ni mkono unaoutumia.

Mkono wa kampuni, kwa miaka kadhaa, ulikuwa Nairobi. Katika ofisi za kampuni ya Sama, vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini, Uganda na kwingineko walichuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya nchi nyingi za Afrika. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, amesimulia kwamba video ya kwanza anayoikumbuka ni ya mtu akikatwa kichwa. Jarida la Time liliripoti Februari 2022 kwamba baadhi yao walilipwa kama dola 1.50 kwa saa, na kwamba walitarajiwa kukata shauri kwa kila kipande kwa wastani wa sekunde 50. Zihesabu hizo sekunde. Katika muda huo unapaswa kuitazama video, kujua ni wapi, ni lugha gani, nani anamwambia nani, neno lile pale maana yake ni nini wiki hii, kisha kubonyeza. Na ukishabonyeza, inayofuata imeshafika.

Motaung alifukuzwa kazi baada ya kuwakusanya wenzake wadai haki zao, na Mei 2022 akaishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama jijini Nairobi. Mwaka uliofuata Sama iliacha kazi hiyo, wachujaji wapatao 260 wakaachishwa, na 184 kati yao wakaenda mahakamani. Madaktari waliowapima zaidi ya 140 waliwakuta na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, kwa kuwa haina makao nchini. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliukataa utetezi huo. Nayataja haya kwa urefu kwa sababu tunapodai "maudhui yachujwe zaidi" mara nyingi hatufikirii ni nani atakayekaa kwenye kiti kile. Mchujaji aliyechoka, aliyeogopa, anayehesabiwa sekunde, hawezi kuwa hakimu mzuri wa maneno ya watu.

Na sasa hata kiti chenyewe kinaondolewa. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, haikuchukua mwezi wafanyakazi wa ofisi yake ya Afrika kule Accra walikuwa wameachishwa. Januari 2025 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Meta inaachana na wahakiki wa habari nchini Marekani, akisema ni kwa ajili ya uhuru wa kusema. Uhuru ni kitu kizuri. Lakini anayehakiki uvumi kwa Kiswahili, kama wanavyofanya PesaCheck, anapaswa kujiuliza zamu yake ni lini.

Serikali zetu zina ugonjwa mwingine. Kampuni haisikii. Serikali inasikia sana, ila sikio lake limeelekezwa upande mmoja: penye jina la mkubwa.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, kwa anayechapisha taarifa za uongo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipia maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla zaidi ya shilingi milioni mbili. JamiiForums, uwanja ambao Watanzania wengi walijifunzia kubishana kwa Kiswahili kuhusu rushwa na sera, ulilazimika kujifunga kwa muda Juni mwaka huo. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwataja waliouandikia. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kutangaza uongo, mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, ukawa haufunguki nchini bila VPN. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba unaruhusu ponografia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Kuzima intaneti ni kuchuja maudhui kwa kumziba kila mtu mdomo. Mchochezi amezibwa, na anayetaka kuwaambia wenzake wasipite barabara fulani kwa kuwa kuna risasi amezibwa vilevile. Waliokuwa Muscat, London au Toronto wakiwapigia wazazi wao siku zile simu za WhatsApp zisizopokelewa hawahitaji kuelezwa na mwandishi wa makala.

Uganda inatupa kisa kigumu zaidi, na ningependa wanaotaka majibu mepesi wakitafakari. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti ilizosema ni za mtandao wa udanganyifu ulioungana na wizara ya serikali. Kampuni ilifanya kile tunachoidai ikifanye: ilishughulikia uongo uliopangwa, hata ulipotoka kwa wenye nguvu. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook, kisha ikazima intaneti yote siku za upigaji kura. Miaka ikapita, na Facebook Uganda ikabaki kitu cha kufunguliwa kwa VPN. Wakubwa wawili waligombana, na mama mwenye duka lake la nguo aliyekuwa akipata wateja kupitia ukurasa wake ndiye aliyelipa.

Kenya tunajisifu kwamba mahakama zetu zina meno, na kuna ukweli. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikiwapeleka wanablogu ndani kwa "matumizi mabaya" ya kifaa cha mawasiliano, maneno yaliyoweza kumnasa yeyote. Lakini Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alipigwa. Kama chapisho lile lilikuwa la uongo, lilikuwa na njia yake: kulikanusha, kudai lifutwe, kushtaki kwa madai ya kuchafuliwa jina. Njia hizo zote zilikuwepo siku ile.

Kwa hiyo mtu akiniambia suluhisho la uzembe wa makampuni ni kuwapa mawaziri na polisi uwezo wa kuamuru nini kifutwe, nakataa. Na akiniambia suluhisho la ukali wa serikali ni kuyaachia makampuni yaamue yenyewe, namkumbusha matangazo ya Julai 2022.

Ninachokijua kikifanya kazi ni kidogo, na nimekiona kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa. Lina watu mia mbili na kidogo, wenyeji na wabara, na msimamizi wake ni mwalimu mstaafu. Agosti 2022, tukingoja matokeo ya urais, kijana mmoja aliandika usiku maneno yaleyale ya kuwataka watu waende kwao. Mwalimu aliyafuta kabla ya alfajiri. Asubuhi aliandika mistari mitatu: ameufuta ujumbe wa fulani, sababu ni kwamba unawataka majirani zetu wahame, ameshazungumza na mwenyewe kwa simu, na mwenye kuona ameonewa amfuate baada ya swala ya adhuhuri. Kijana alibaki kundini. Wawili walimfuata mwalimu, wakabishana naye barazani, na mmoja wao bado anaamini alikosea.

Najua kundi la mia mbili si jukwaa la mabilioni, na mwalimu yule anatujua kwa majina ya baba zetu. Ila tazama alichofanya: alilielewa neno, alitoa sababu kwa lugha yetu, aliacha mlango wa rufaa, na hakumwita askari. Umoja wa Ulaya umeyaandika mambo ya namna hiyo katika sheria yake ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024. Jukwaa linalokufutia chapisho lazima likueleze sababu na likupe njia ya kupinga, na likivunja sheria faini yaweza kufika asilimia sita ya mapato yake ya dunia nzima. Mkaazi wa Lyon ana haki hiyo. Mkaazi wa Kisumu, anayetumia jukwaa lilelile, anapata ujumbe wa mstari mmoja unaosema amevunja kanuni, mara nyingi kwa Kiingereza.

Kuna pia hatua ambazo hazimfuti mtu yeyote. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya magumzo, ya mtu mmoja au ya kundi, unayoweza kuyafowadia ujumbe kwa mara moja hadi matano, baada ya uvumi kusababisha watu kuuawa na makundi ya watu wenye hasira India, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambaa sana ukawekewa mwisho wa gumzo moja. Hakuna aliyezuiwa kusema. Uvumi uliwekewa tope njiani, basi. Hapa ndipo ningetaka wabunge wetu waelekeze nguvu zao, kwa sababu madhara makubwa hayatoki kwa mtu mmoja kuandika chuki yake kwa wafuasi arobaini. Yanatoka kwa mashine inayoona kwamba hasira inawafanya watu wabaki, ikaichukua chuki ile na kuwapelekea laki nne ambao hawakuiomba. Kusema ni haki ya mtu. Kupigiwa tarumbeta na mashine ya kampuni si haki ya mtu, na kampuni inayolipiga tarumbeta hilo haiwezi kudai kwamba yenyewe ni ubao tu wa matangazo.

Hoja hiyo ndiyo iliyofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Nairobi Desemba 2022, na Mwethiopia Abrham Meareg. Baba yake, Meareg Amare, alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Mtigray kati ya Waamhara wakati wa vita vya Tigray. Oktoba 2021 machapisho ya Facebook yalimtaja kwa jina na picha, yakamsingizia, yakaeleza anakoishi. Mwanawe anasema aliyaripoti machapisho hayo mara kadhaa. Novemba 3 profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Kwa maelezo ya mwanawe, kampuni ilijibu siku nane baadaye kwamba chapisho moja limevunja kanuni na litaondolewa, na jingine lilikuwa bado linasomeka mwaka mmoja baadaye, alipofungua kesi.

Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba kesi hiyo inaweza kusikilizwa Kenya, kwa kuwa maudhui yale yalikuwa yakichujwa Nairobi. Katika madai yake Abrham Meareg anataka mashine ibadilishwe iache kuisukuma chuki mbele, anataka wachujaji waongezwe wanaozijua lugha za Kiafrika, anataka mfuko wa fidia kwa waathiriwa. Na anataka kampuni imwombe radhi.